Maswali Mnayoniuliza Kila Siku Kuhusu Kuhamia Uingereza na Watoto Wadogo

Niko Mombasa saa hii, kwa mamangu Kisauni, tumekuja likizo ya wiki nne, na tangu nishuke ndege nimeulizwa maswali yale yale mpaka nayajua kwa moyo. Kwa matatu, kwa harusi, kwa jirani nilienda kusalimia tu nikakaa masaa matatu. Kwa hivyo nimeamua kuandika mara moja alafu mtu akiniuliza namtumia hii.

Mjue tu kidogo kutuhusu: tuliondoka Januari 2023, mume wangu ni nesi, watoto wawili, mkubwa alikuwa na miaka 7 na mdogo 4. Tunakaa Leicester. Majibu yangu ni ya Uingereza yenyewe, yaani England. Scotland na Wales wana mambo yao tofauti kidogo.

## Kabla hujapanda ndege

Watoto wanaenda na mzazi moja kwa moja ama wanafuata baadaye?

Inategemea viza ya yule anayekwenda kazi. Nesi aliyesajiliwa bado anaruhusiwa kwenda na mke ama mume na watoto. Walioumia ni wa kazi ya kulea wazee, tangu 11 Machi 2024 wanaopata viza mpya hawaruhusiwi kubeba familia, alafu 22 Julai 2025 wakafunga kabisa kuajiri watu wapya wa kazi hio kutoka nje. Kwa hivyo ajenti akikukalisha pale mjini akakuambia ana kazi ya kulea wazee na familia yote itaingia, chukua mkoba wako utoke. Wanafunzi pia, tangu Januari 2024 ni wale wa masomo ya utafiti, kama PhD, na wachache wanaofadhiliwa na serikali, ndo wanabeba watu wao.

Sisi tulienda wote wanne kwa mpigo. Ningerudia leo, baba angetangulia miezi miwili mitatu atafute nyumba kwanza, manake tulikaa chumba kimoja wiki sita na watoto wawili wanaokohoa, na mwenye nyumba hataki kelele.

Makaratasi gani ya watoto nisisahau?

Paspoti na cheti cha kuzaliwa hizo unazijua. Cheti cha ndoa, hata kile cha Kadhi, hakikisha majina yanafanana herufi kwa herufi na ya kwenye paspoti, manake sisi wa pwani Fatma wa kitambulisho ni Fatuma wa cheti cha mtoto. Kenya iko kwenye orodha ya nchi ambazo ukienda zaidi ya miezi 6 lazima ukaguliwe TB, na watoto pia wanapitishwa.

Na kitabu cha kliniki cha mtoto. Ndugu zangu, msikitupe kile kitabu ati mtoto ameshamaliza chanjo! Kule unaandikisha familia kwa daktari wa mtaa, wanamwita GP, na swali la kwanza kuhusu mtoto ni amechanjwa nini na lini. Kama huna ushahidi wanaweza kupanga kumchanja upya. Mdogo wangu alikuwa na kitabu chake chote safi, mkubwa chake kilikuwa kimeliwa na panya nusu, na yeye ndo aliyechomwa sindano tena.

Hospitali ni bure kweli?

Unalipia mbele. Wengi wa wenye viza wanalipa ada ya afya wakati wa kuomba viza, tangu Februari 2024 ni pauni 1,035 kwa mtu mzima na 776 kwa mtoto, kwa kila mwaka wa viza. Piga hesabu: watoto wawili miaka mitatu ni pauni 4,656 kabla hujanunua hata tiketi. Viza ya wafanyikazi wa afya imesamehewa ada hio, na familia zao pia. Ukishaingia kwenye mfumo humlipi daktari, na dawa za mtoto chini ya miaka 16 ni bure. Ukishtuka usiku na mtoto ana homa, piga 111 wakuelekeze, na 999 ni kwa hatari ya kweli.

Tubebe nini na tuache nini?

Bebeni pasi, blenda na tochi zenu, plagi ni ile ile ya pini tatu na umeme ni ule ule. Watu wengi hawajui hii, wanauza kila kitu bei ya kutupa alafu wanaenda kununua vingine.

Jaketi nunua moja tu kwa kila mtoto, Kongowea kwenye mitumba, ya kushukia ndege. Nyingi zimetoka huko huko, zinarudi nyumbani tu. Zingine mtanunua kule, na kule pia kuna maduka ya mitumba ya misaada, bei nafuu sana na nguo za watoto karibu ni mpya.

Nyama na maziwa usibebe, haviruhusiwi kuingia. Hiliki, bizari ya pilau, ubuyu, achari, hivo havijawahi kunipa shida. Mbuzi ya nazi iache, nilibeba yangu na imekaa juu ya kabati kama pambo, nazi ya mkebe ndo inatumika. Na mafuta ya nazi! Mamangu alinipa chupa mbili za mdomo mwembamba za kupaka watoto. Mafuta ya nazi yakiwa chini ya kama digrii 24 yanaganda. Tulifika yakiwa kama mshumaa, nikawa kila asubuhi nayatia chupa kwenye sufuria ya maji moto ili mtoto apakwe mafuta aende skuli. Weka kwenye kopo la mdomo mpana uchote na kijiko.

## Mwezi wa kwanza

Baridi wanaiwezaje watoto?

Wao wanaiweza, wewe ndo hutaiweza. Siri ni nguo nyingi nyepesi, ya ndani ya kubana mwili, alafu sweta, alafu jaketi isiyoingia maji. Na gambuti, manake skuli wanatolewa nje kucheza hata manyunyu yakiwa yanashuka, na mwalimu hana habari na imani yetu ya kwamba mvua inaleta homa.

Shida kubwa nilioipata mimi sio baridi ya nje, ni nyumba. Unafunga madirisha yote, unaanika nguo ndani, unapika wali, mvuke hauna pa kwenda, baada ya wiki tatu ukuta wa chumba cha watoto umeota kuvu nyeusi. Fungua dirisha dakika kumi kila asubuhi hata kama unalia. Hita yetu ilikuwa ya kulipia mbele kama tokeni za stima hapa, na ile raha ya kuwasha usiku kucha ilituisha siku tuliponunua tokeni mara mbili kwa wiki moja.

Ni kweli jua linazama mchana?

Leicester mwezi wa Disemba jua linachomoza saa mbili na robo asubuhi na linazama kabla ya saa kumi jioni. Mtoto anatoka skuli na taa za barabara zimewaka. Juni ni kinyume, saa kumi na moja alfajiri haijafika kushakucha na jua linazama saa tatu na nusu usiku. Jaribu kumlaza mtoto wa miaka 4 saa moja na nusu na jua liko pale dirishani, "mama bado mchana", na huwezi kubishana kwa sababu ni kweli. Nunua pazia nzito nyeusi, usingoje.

Alafu kuna hili hakuna mtu aliniambia. Saa zetu za Kiswahili zinahesabu kuanzia jua likitoka, na hapa Mombasa zinaeleweka kwa sababu mwaka mzima jua linatoka saa kumi na mbili na kitu na linazama hivo hivo. Kule hesabu hio haina mguu wa kusimamia, saa moja asubuhi ni usiku wa manane. Mkubwa wangu mwalimu alimuuliza unalala saa ngapi, yeye kichwani ana saa mbili, akatafsiri, akamwambia "two o'clock". Nikaitwa. Imebidi nimfundishe hesabu mbili, ya skuli na ya nyumbani, na ya nyumbani sijaiacha.

Na kwa sababu jua ni chache, kule wanashauri mtoto wa mwaka 1 mpaka 4 apewe vitamini D mikrogramu 10 kila siku, na watu wa rangi yetu hata wakubwa wanaambiwa wafikirie kuitumia mwaka mzima. Muulize GP, ni matone tu.

Chooni je? Hakuna maji?

Hakuna. Karatasi tu. Nyumbani tunaweka ile birika ya plastiki ya kumwagilia maua, nenda nyumba yoyote ya Waislamu kule utaikuta chooni. Skuli mtoto anabeba kichupa kidogo cha maji kwenye mkoba. Vitambaa vya maji usivitupe chooni, vinaziba, fundi wa bomba atakula mshahara wako.

## Skuli

Mtoto anaanza na miaka mingapi, na analipa?

Skuli za serikali ni bure. Wengi wanaanza Septemba baada ya kutimiza miaka 4, darasa linaitwa Reception, ingawa sheria inamlazimisha baada ya kutimiza 5. Unaomba nafasi kwa halmashauri ya mji, na ukifika katikati ya mwaka kama sisi unapewa palipo na nafasi sio unapopenda. Watoto wetu waliwekwa skuli mbili tofauti miezi minne, moja mashariki moja magharibi, zote zinafungua wakati mmoja. Nilikuwa nakimbia barabarani kama mwizi.

Kwa mwenye miaka 3 na 4 kuna masaa 15 kwa wiki ya bure ya chekechea kwa watoto wote. Yale masaa 30 mnayosikia ni ya wazazi wanaofanya kazi, lakini kama viza zenu nyote wawili zimeandikwa hamruhusiwi kupokea pesa za umma hamuyapati. Soma viza yako kabla hujapanga bajeti juu ya masaa hayo.

Wakitoka Grade 2 hapa wanaingia wapi?

Wanapangwa kwa umri tu, mpaka wa mwaka ni 31 Agosti. Hakuna kurudia darasa wala kuruka. Akiwa hajui kusoma vizuri anasaidiwa ndani ya darasa lake.

Kiingereza hawajui vizuri, watateseka?

Mdogo alinyamaza wiki kumi. Hakusema neno skuli, mwalimu akaniuliza kama anasikia vizuri. Nyumbani anaropokwa kutwa! Wiki ya kumi na moja akafungua mdomo na sentensi nzima na lafudhi yao, na tangu hapo hajanyamaza. Usihangaike na Kiingereza hata kidogo, hangaika na Kiswahili, angalia chini kwenye swali la lugha.

Chakula cha skuli ni halali?

Madarasa matatu ya kwanza, Reception mpaka Year 2, chakula cha mchana ni bure kwa wote, hii ni tangu 2014. Leicester Waislamu ni wengi, skuli yetu nyama ni halali. Mji mwingine uliza, na wakisita mwandikishe chakula cha mboga. Kitu cha kuchunga zaidi ni peremende za siku za kuzaliwa, nyingi zina gelatini ya nguruwe, mfundishe mtoto azilete nyumbani kwanza.

Siwezi kuchukua ruhusa kidogo tukaja Mombasa tiketi zikiwa rahisi?

Unaweza, na utalipa. Mtoto akikosa siku 5 bila ruhusa ni faini, tangu Agosti 2024 ni pauni 80 kwa kila mzazi kwa kila mtoto, na ukichelewa siku 21 inakuwa 160. Sisi wazazi wawili watoto wawili ni 320. Watu wanapiga hesabu wanaona bado tiketi ya Mei na faini ni nafuu kuliko tiketi ya Agosti, na sitawasema, lakini ukirudia ndani ya miaka mitatu faini inapanda na mara ya tatu unaweza kupelekwa kortini. Siku ya Idi wanaruhusu, andika barua mapema.

## Mikono

Nani anakulelea watoto ukiwa kazini?

Hili ndo swali lenyewe, na hakuna mtu aliniuliza kabla sijaondoka, wote waliniuliza baridi.

Hapa Kisauni mimi nilikuwa najiona mama hodari. Kumbe nilikuwa na mamangu, dada wa kazi, khalati wangu nyumba ya pili, na mwenye duka pale kona ambaye akimuona mtoto wangu anaelekea barabarani anampigia kelele. Nilikuwa na mikono kumi. Kule nilibaki na miwili, na mume wangu yuko zamu ya usiku.

Skuli inatoka saa tisa na robo na lazima mtu mzima anayejulikana asimame pale getini. Huwezi kutuma mtoto wa jirani. Ukitaka mtu mwingine amchukue unapiga simu skuli, unataja jina. Mtoto akitapika anarudishwa na hapokelewi mpaka masaa 48 yapite tangu atapike mara ya mwisho, na hayo masaa 48 ni ya nani? Ni yako. Nilipoteza kazi yangu ya kwanza kwa sababu ya matapishi, na meneja aliongea kwa upole mpaka nikamshukuru, nilijua nimefutwa nilipofika nyumbani.

Tulichofanya ni hiki. Zamu za mume tulizibandika kwa friji mwezi mzima mbele. Mimi nikatafuta kazi ya masaa ya skuli, jikoni kwa skuli nyingine. Alafu nikajilazimisha kusalimia pale getini, na hii kwangu ilikuwa ngumu kuliko kazi, manake kule watu wanasimama mbali mbali wanaangalia simu. Mama wa kwanza kunijibu alikuwa Msomali, amekulia Uholanzi, Kiswahili hajui. Sasa Jumanne anachukua wangu, Alhamisi nachukua wake. Miaka miwili na nusu na nimefikisha mikono minne.

Ni kweli ukimchapa mtoto anaita polisi?

Scotland tangu 2020 na Wales tangu 2022 kuchapa ni marufuku kabisa. Uingereza yenyewe sheria bado ina kamwanya, lakini ukimuachia alama ni kesi, na walimu wana wajibu wa kuripoti wakiwa na wasiwasi. Kwa hivyo usicheze nayo.

Na sio mkono tu, hata mdomo. Mkubwa alivunja chupa yake ya maji skuli akaanza kulia, mwalimu akamuuliza unalia nini, akamwambia kwa Kiingereza safi kabisa "mamangu atanichinja". Nilikalishwa kwa ofisi na mama wawili wenye sauti nyororo na karatasi. Nikaeleza kwamba kwetu kila mama anachinja, anavunja miguu na kung'oa masikio tangu asubuhi na watoto wote wako salama. Mmoja alicheka, mwingine aliandika.

Watoto wanapata marafiki?

Wanapata, ila hakuna hodi hodi. Unatuma meseji wiki moja kabla. Kadi ya sherehe ya mtoto ina saa ya kuanza na saa ya kumaliza, na ile ya kumaliza wanaimaanisha, tulibaki mara ya kwanza tukingoja chakula na mwenyewe ameshaanza kufagia.

## Dini, chakula na lugha

Madrasa zipo?

Zipo, Leicester ni nyingi, saa kumi na moja jioni mpaka saa moja hivi. Mtoto anakuwa amechoka, mimi nilimuanzisha mdogo baada ya mwaka mmoja.

Ramadhani inakuwaje?

Inapoangukia majira ya baridi unacheka, unafungua mapema kuliko Mombasa. Inapoangukia Juni ni masaa 17 na zaidi. Kuhusu mwezi kuandama msiniulize, huko pia mtaa mmoja unasali Idi leo na mwingine kesho, tumezoea, ni kama hapa tu.

Vyakula vyetu tunavikosa?

Chache. Mbaazi ziko kwenye maduka ya watu wa Karibiani, wao wanaziita "gungo". Muhogo uko kwenye friza za Wahindi na umeandikwa "mogo", neno walilolibeba Wahindi waliotoka Afrika Mashariki. Leicester wamejaa, wengi walifukuzwa Uganda na Amin 1972, na halmashauri ya mji wakati ule iliweka tangazo kwenye gazeti la Uganda ikiwaambia wasije. Wakaja. Leo naingia dukani mzee wa Kigujarati ananisikia nasema na watoto, ananiuliza kwa Kiswahili "unatoka wapi mama?" Siku ya kwanza nilitaka kulia pale kwenye vitunguu.

Watoto watasahau Kiswahili?

Wakiachwa wanasahau, na haraka, mdogo alianza kunijibu Kiingereza mwezi wa tano. Kwetu sheria ni moja, ndani ya mlango ni Kiswahili, ukiongea Kiingereza sijasikia. Nyanya yao anapigiwa simu kila siku wakitoka skuli, sisi tuko nyuma masaa mawili kiangazi na matatu baridi, kwa hivyo kwake inakuwa ni jioni. Simu haizimwi, inaegemezwa kwa sukari anawaangalia wakila, anawafokea "hiyo mkono gani?" Ukimhesabu na yeye, ile mikono yangu inakuwa mitano.

## Mkija nyumbani likizo

Kwani watoto wa Mombasa wanahitaji dawa ya malaria?

Wanahitaji, na wengi mnanicheka hapa. Ile kinga kidogo mtu anayoijenga kwa kuumwa na mbu mara kwa mara inapungua ukiishi nje, na wadogo hata hawakuwahi kuwa nayo. Wanameza kinga kabla ya kuja, wakiwa hapa na baada ya kurudi, na chandarua. Wakipata homa mkisharudi kule, hata miezi kadhaa baadaye, mwambie daktari siku hio hio kwamba mtoto alikuwa Kenya, manake yeye atafikiria mafua.

Wanaona Mombasa vipi?

Mkubwa analalamika joto na intaneti. Mdogo siku ya kwanza aliniuliza kama jirani anajua tunakuja. Siku ya nne aliondoka baada ya chai, saa sita sijamuona, nikamuuliza mamangu mtoto yuko wapi. Akanambia "yuko", akaendelea kuchambua mchele. Alirudi saa nane, mdomo mwekundu wa ubuyu, ameshakula kwa watu.

Utanibebea mzigo kidogo wa mtu wangu Leicester?

Tunaondoka Jumapili ya wiki ijayo. Kilo 2 kwa kila mtu, iwe imefungwa vizuri, na jibu la nyama ya kukausha liko juu.